Kompyuta Zangu za Zamani Hazihami Nyamirambo

Naanza na jibu, vijana, kwa sababu swali lenu nalijua. Hazina faida. Haziingizi kitu, haziendi mtandaoni, hazipigi picha, na simu yoyote mliyo nayo mfukoni, hata ile yenye kioo kilichopasuka, inazishinda zote kwa pamoja. Nimeshasema mwenyewe, msinisaidie kusema tena. Sasa tuongee.

Jina langu Konsolata. Hapa Nyamirambo majirani wananiita Mama Didier, kwa jina la mwanangu wa pekee, na wateja wa zamani bado wananiita Fundi. Maisha yangu yote ya kazi nimetengeneza televisheni na kompyuta, kwanza Bujumbura nilikokulia, kisha hapa Kigali tangu tuliporudi nchini kwetu Rwanda. Niliacha kazi siku macho yalipoanza kuona matone mawili ya risasi ya kulehemu nyaya mahali penye tone moja. Mwanamke akistaafu anategemewa aende kanisani zaidi, apande maua na asubiri wajukuu. Kanisani naenda. Maua yananishinda. Wajukuu si mimi wa kuwaleta. Kwa hiyo nilirudi kwenye kitu kilichonifanya niipende kazi hii tangu mwanzo: zile kompyuta ndogo za nyumbani za zamani. Kibodi na ubongo vimo ndani ya boksi moja la plastiki. Unaichomeka kwenye televisheni badala ya antena, na programu unaisomesha kutoka kwenye kaseti, kaseti zile zile za muziki. Hilo tu. Hakuna zaidi ndani.

Ya kwanza niliiona kwa Fundi Rajabu, huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule bila njia ya kuendelea, naye alinichukua kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba na vyake vilikuwa kama ndizi. Somo lake la kwanza halikuhusu kutengeneza chochote. Lilihusu kutokufa.

"Konsolata, televisheni ikiwa wazi, mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni. Umeme ukitaka kupita mwilini mwako, usiufungulie mlango wa kuingilia na wa kutokea."

Nikamwambia sketi yangu haina mfuko. Akafunga karakana mchana kweupe, akanipeleka kwa dada yake mshonaji, na sikurudi kazini mpaka sketi ilipopata mfuko. Hata leo sivai nguo isiyo na mfuko. Didier ananiambia hazinipendezi. Mimi niko hai.

Ile kompyuta iliachwa na mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Alileta televisheni itengenezwe aiuze, na siku ya kuichukua akaacha boksi la kijivu mezani pamoja na mfuko wa kaseti. "Chukueni, mimi nimechoka nayo," alisema. Fundi Rajabu aliizunguka siku nzima kama mtu anayemkagua mbuzi wa mahari. Kisha tukaichomeka kwenye televisheni, tukatafuta mawimbi taratibu kwa kitufe cha kuzungusha, na kioo kikatulia. Kilikuwa cheupe, na kimstari kimoja kikipepesa pembeni. Hakikusema kitu. Kilikuwa kinatusubiri sisi.

Mwalimu alikuwa amenionyesha jambo moja kabla hajaondoka: jinsi ya kuiambia iandike jina langu na isikome. Nikaandika. Kioo kizima kikajaa Konsolata, Konsolata, Konsolata, juu mpaka chini.

"Imenijua jina!" nilipiga kelele.

"Haikujui," alisema Fundi Rajabu. "Umeipa jina, imekurudishia. Mashine hii ina adabu. Haikupi usichoipa."

Hapo ndipo nilipokamatwa. Nyinyi mmezaliwa mkakuta mashine zinazojua mnapolala, mnachokula na nani mnayempenda. Ukiiwasha tu, inaanza kukuambia inachotaka yenyewe: nisasishe, kubali, jibu hapa. Yangu ikiwaka inakaa kimya, inangoja niseme. Mwanamke wa umri wangu anasubiriwa na nani tena mji huu?

Msidhani nilianza nikiwa hodari. Zile kaseti za mwalimu nilidhani ni muziki wa kwao. Nikatia moja kwenye redio kubwa ya karakana, ile tuliyowekea wateja muziki, nikafungua sauti yote. Ikatoka sauti ya paka elfu ndani ya pipa la bati. Kinyozi wa jirani alishtuka mkono ukamponyoka, na mteja wake akatoka nje amenyolewa upande mmoja, akiuliza nani amekufa. Hiyo ndiyo ilikuwa programu. Kompyuta inasikia ile kelele na kuielewa, kama mama anavyomwelewa mtoto asiyejua kusema.

Kwa hiyo, mkitaka kusomesha kaseti, sikilizeni. Sauti ya redio iwe robo tatu, siyo yote, maana ikizidi inapasuka na mashine haishiki kitu. Safisheni kichwa cha kusomea, kile chuma kidogo kinachogusa utepe, kwa pamba na spiriti. Ikigoma bado, kuna skrubu ndogo pembeni ya kile kichwa. Izungusheni kidogo kidogo kwa bisibisi huku kelele inalia. Mahali ambapo kelele ni kali kuliko pote, mahali meno yanapouma, hapo ndipo. Acheni. Msiguse tena. Na mkanda wa mpira ndani ya redio ukiwa umeyeyuka na kuwa lami, msiulaumu, hata nyinyi miaka arobaini haitawaacha mlivyo.

Na kosa wanalolifanya wote: kuokota mashine ya zamani na kuiwasha palepale kwa furaha. Msithubutu. Adapta zake huzeeka vibaya, zinaanza kutoa umeme mwingi kuliko zilivyoandikiwa, na zinaua kumbukumbu za mashine mara tu unapobonyeza swichi. Pimeni adapta kwa mita kwanza, ikiwa peke yake. Mashine imesubiri miaka yote hiyo, itasubiri mnywe chai.

Ya Fundi Rajabu ilibaki Buyenzi. Hizi zangu nimezikusanya hapahapa Kigali, tangu nilipoacha kazi, na kila moja nimeipata ikifanyishwa kazi isiyo yake. Moja ilikuwa inazuia mlango usijifunge, nyumbani kwa watawa. Moja ilikuwa chini ya chungu cha maua, na maji ya maua yameshukia ndani. Moja niliiona Gitega, ile ya hapa Kigali, siyo ya Burundi, kwa kijana anayeuza vitunguu kandokando ya njia. Alikuwa ameiweka juu ya turubai lake ili upepo usilipeperushe.

"Niuzie hiyo," nilimwambia.

"Mama, hii iko kibodi tu. Kompyuta yake haiko."

"Kompyuta iko ndani ya kibodi."

Akaitikisa sikioni kama nazi. "Kweli kuna kitu," alisema. Nilimpa jiwe zuri la kuweka mahali pake, nikanunua na vitunguu vingi kuliko haja yangu, na tukaachana kila mtu akidhani amemshinda mwenzake.

Ile ya Gitega plastiki yake ilikuwa imegeuka njano kama meno ya mvuta sigara. Dawa ya njano hiyo inauzwa kwenye saluni: ile krimu ya kugeuza nywele rangi. Unaipaka, unafunga kwa nailoni isikauke, unaianika juani, unaigeuza kila mara ili isitoke mabakabaka. Jua la milima yetu ni kali, asubuhi moja inatosha kuona tofauti. Nilipokwenda kununua, msusi alinitazama kichwa changu cheupe akasema kwa upole, "Mama, hii haiwezi kurudisha nyeusi, inaondoa." Nikamwambia si yangu, ni ya kompyuta. Akanipa krimu na kukiangalia kichwa changu kwa namna nyingine kabisa.

Jirani yangu Asha, anayeshona nguo upande wa pili wa njia, alikuwa akiniona nimezianika uani zimefungwa nailoni. "Mama Didier, mihogo yako inakauka?" aliniuliza kila mara. "Inakauka, dada." Yeye ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kuniuliza zinanisaidia nini. Ana vitambaa kabatini alivyonunua kabla sijamjua na hatavishona kamwe. Tunaelewana.

Sasa niwaambie kilichotokea, maana wengine mmeshasikia toleo la Didier.

Didier ni mtoto mzuri. Anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja mjini, ana nyumba mpya Kinyinya, pembeni mwa jiji, na tangu ilipomalizika anataka nihamie huko. Amenijengea chumba chenye dirisha kubwa. Lakini kila akija kwangu alisimama mlangoni mwa chumba cha mashine akiangalia nyaya zilivyoshikana ukutani.

"Mama, siku moja hii nyumba itaungua na wewe uko ndani."

"Haitaungua."

"Unajuaje?"

"Mimi ni fundi."

Tulikuwa tunaishia hapo. Kisha nikaenda Bujumbura kumzika dada yangu, nikakaa huko na watoto wake mpaka walipoweza kula bila kulia. Niliporudi, nimechoka, nimevimba miguu, nilifungua chumba cha mashine niweke mzigo. Kilikuwa kimepakwa rangi. Pazia jipya, kitanda, jagi la maji juu ya meza. Hakukuwa na waya hata mmoja.

Nilimpigia simu hapohapo, sijavua viatu.

"Didier, vitu vyangu viko wapi?"

"Mama, pole na safari. Nilitaka upate mahali pazuri pa kupumzika. Kuna watu wanakusanya vifaa vibovu vya umeme, walikuja na gari, wakavichukua vizuri kabisa."

"Lini?"

"Juzi. Mama, vilikuwa vibovu..."

Nikakata simu. Yadi ya watu hao kila fundi wa Kigali anaijua. Nilivuka njia kwa Asha nikamwambia anishikie ufunguo. Aliniona uso, akaacha cherehani inazunguka. "Wamechukua mihogo," nilisema. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimamishia moto, pikipiki ya abiria, akamwambia dereva, "Huyu mama mpeleke anapotaka, na usimwambie habari za foleni."

Yadi ya wale watu ilikuwa nje ya mji, na sitasema wapi, kwa sababu hawakunikosea chochote, walipewa, wakachukua. Kulikuwa na milima: mlima wa mashine za kuchapisha, mlima wa friji, mlima wa televisheni zenye matumbo. Vijana wenye glavu walikuwa wanafungua na kuvunja. Msimamizi alikuwa mwanamke, Solange, amekulia Uganda kwa jinsi alivyoongea.

"Mukecuru, bibi yangu, hapa haturuhusu watu kuingia. Vioo viko chini."

"Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

"Vikishaingia havitoki. Inakuwa mali ya kuvunjwa."

"Havijavunjwa bado. Naviona."

Nilikuwa naviona kweli. Viko kwenye kreti za mbao karibu na meza ya kuvunjia. Juu kabisa kulikuwa na ile ya Gitega, nyeupe kama ilivyotoka juani, na kona yake moja imepasuka. Nilikwenda moja kwa moja, nikaketi juu ya kreti. Nimefanya mambo mengi maishani lakini sikuwahi kukalia mali ya mtu mbele ya wafanyakazi wake. Miguu ilikuwa inauma, kwa hiyo kuketi kulinifaa pande mbili.

Kelele za nyundo zikapungua. Solange akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini, kama anavyosema mtu na mgonjwa, "Mama, hizi zina thamani gani? Kama kuna mtu anakununulia, niambie."

"Hazina thamani."

"Zina kumbukumbu za marehemu? Picha?"

"Hakuna picha."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu ni zangu na nazipenda. Ungekuja kwangu kuniambia kuku wangu ni mzee hatagi, ningekuuliza nani amekuita kuhesabu mayai yangu? Mimi nimetengeneza vya watu miaka yote. Nimerudisha picha kwenye televisheni za watu wakatazama mpira, mimi nikirudi nyumbani kupika. Hivi ni vya kwangu. Sikuulizwa. Sitaondoka."

Sikulia. Watu wakisimulia wanasema nililia. Jasho lilikuwa jingi, na vumbi.

Solange alinitazama. Kisha akasimama akapiga simu, akaongea Kinyarwanda haraka haraka, akakata. "Nimeongea na aliyevitoa," alisema. "Anakuja. Mkikubaliana wawili, mimi sikuwaona." Akaniletea soda.

Didier alifika na gari lake safi. Aliponiona juu ya kreti, alisimama mbali kidogo, amevaa kitambulisho cha ofisi shingoni. Nilijua anachokiona: mama yake, fundi aliyemsomesha, ameketi juu ya takataka kati ya vijana wanaomtazama.

"Mana yanjye, Mungu wangu, Mama. Watu watasema nini?"

"Watasema Konsolata amekaa. Beba."

Akabeba. Kila kreti aliipakia mwenyewe, vumbi likimwingia kwenye shati. Tulipokaribia mjini akaegesha pembeni.

"Unadhani nilitupa kwa sababu sikuheshimu," alisema. "Mimi nikilala Kinyinya nasikia king'ora, naamka. Kila king'ora nadhani ni kwako. Nyaya zile, Mama. Adapta zinazochemka. Wewe peke yako."

Hilo hakuwahi kulisema hivyo. Siku zote alisema itaungua, kama mtu anayesoma tangazo. Nilikaa nikiwa na ile ya Gitega mapajani, nikigusa ufa wake kwa kidole.

"Ungeniambia hivyo, tungepima nyaya pamoja," nilisema. "Lakini hukuniambia. Ulingoja niende kwenye msiba."

Akashusha kichwa kwenye usukani. "Nilijua ukiwepo hutakubali."

"Kwa hiyo ulijua."

Akawasha gari, akanirudisha Nyamirambo. Na msifikiri yaliisha vizuri hapo. Baada ya muda alikuja na habari ambayo yeye aliona ni tiba. Mkurugenzi wa ofisi yao amesikia habari zangu, anataka mashine ziwekwe kwenye kabati la kioo pale mapokezi, zenye taa, na jina langu chini. Didier alifurahi mpaka akala mara mbili. Aliona ameninunulia heshima na amenihamishia hatari ya moto kwingine.

Nilikwenda kuangalia. Niwe mkweli, kabati lilikuwa zuri, na mkurugenzi alikuwa mtu mpole, alinishika mkono kwa mikono miwili. Nikamwuliza soketi iko wapi. Akasema hakuna, ni za kutazamwa tu, hazitawashwa.

"Basi asante," nilisema. "Zitabaki kwangu."

"Mama, watu wengi wataziona hapa," alisema Didier.

"Wataona plastiki. Sikuanika plastiki juani ili ipigwe taa. Nilizirudishia uhai, nanyi mnaniomba niwape zikiwa zimekufa."

Mkurugenzi alisema anaelewa. Sijui kama alielewa, lakini alisema vizuri. Didier hakusema vizuri. Wiki kadhaa hakuja, na simu zake zilikuwa za kuulizia dawa zangu za presha tu. Iliniuma. Ningeweza kumpigia na kusema haya, weka kwenye kioo, njoo ule. Sikupiga. Mtu akishakubali mara moja kuondolewa kidogo kwa ajili ya amani, wanarudi kuchukua kilichobaki, tena kwa upendo.

Wakati huo nilikuwa natengeneza ile ya Gitega. Kona niliigundisha, lakini ilikuwa haiwaki, kioo kinatoa rangi zilizochanganyika tu. Ugonjwa huo tafuteni kwenye kumbukumbu. Iwasheni, subirini kidogo, kisha pitisheni mgongo wa kidole juu ya zile chipu ndogo zilizopangwa mstari. Zinazofanya kazi zina uvuguvugu. Mbovu inachoma. Niliipata, nikaitoa, nikaweka nyingine niliyoichomoa kwenye mashine ya maua, ambayo haikuwa na tumaini. Macho hayaoni vizuri, kwa hiyo Asha alinishikia lenzi yake ya kutungia uzi, akifumba macho kila moshi wa risasi ulipopanda.

Ilipowaka, kioo kikawa cheupe, kimstari kikipepesa pembeni. Kisha Asha akasema, "Sasa iambie kitu." Nikampa kibodi. Akaandika jina lake, kidole kimoja kimoja, kama anayechoma sindano.

Didier alikuja Jumapili moja baada ya misa, bila kupiga simu. Alikuwa na boksi la vifaa: kikata umeme cha kuweka ukutani, kinachojizima chenyewe nyaya zikichemka, na waya mpya mnene. Alinionyesha akiwa bado mlangoni.

"Haya ndiyo masharti yangu," alisema. "Ukikataa na hii, nitalala hapa kila usiku."

Nikakichukua, nikakigeuza, nikasoma nyuma. Kilikuwa kizuri. Alikuwa amechagua vizuri kuliko ambavyo ningechagua.

"Zima umeme mkubwa kwanza," nilimwambia. "Na mkono mmoja mfukoni."

Tulifanya kazi mpaka mchana ukapita. Tulipomaliza, alijipangusa jasho, akaangalia mashine zote zimerudi mezani, na kile kitanda chake kizuri nimekisukuma ukutani kinabeba kaseti.

"Lakini Mama, bado ni takataka."

"Ndiyo. Zangu."

Alicheka, kwa shida, lakini alicheka. Nyumba ya Kinyinya bado ina chumba chenye dirisha kubwa. Naenda kulala huko Krismasi na mtu akiugua, kisha narudi.

Nikifa, gawaneni mnavyotaka. Vunjeni, uzeni kwa kilo, wekeni maua juu. Sitainuka kuwauliza. Lakini leo asubuhi nimeamka, nimekunywa chai, na kuna kaseti nataka kuisikiliza. Anayetaka kuingia aingie, avute kiti. Mwenye swali la faida abaki nje, afunge mlango, kuna kelele.